Injili nne si aibu ya kufichwa

Hapa Kipevu, ukitoka zamu ya jioni ukapitia Magongo siku ya mhadhara wa Waislamu na Wakristo, hulikosi swali hili: kama Injili ni moja, mbona nyinyi mnazo nne? Wahubiri wetu, badala ya kujibu, huongeza sauti ya spika. Mimi ni mzee wa kanisa na jambo hilo linaniudhi, kwani jibu lipo wala halihitaji kelele.

Yesu hakuacha kitabu. Habari zake zilisimuliwa kwa mdomo miaka mingi kabla ya kuandikwa kwa Kiyunani. Wataalamu wengi huitanguliza Marko, karibu na mwaka 70, Warumi walipobomoa Hekalu la Yerusalemu. Luka hafichi kitu: katika aya zake nne za mwanzo anakiri kuwa wengi wameshaandika kabla yake, naye amechunguza mwenyewe. Kanisani kwetu aya hizo hurukwa, watu wakimbilie kwa Zakaria na malaika.

Nimekuwa karani wa kuhesabu shehena gatini. Makarani wanne wakileta karatasi zinazofanana mpaka makosa, msimamizi anajua mmoja kahesabu, watatu wamenakili. Sasa niseme hata kama mchungaji atanuna: Mathayo na Luka walinakili kwa Marko, mahali pengine neno kwa neno. Lakini kila mmoja ana yake pia. Mamajusi wako kwa Mathayo tu, wachunga kondoo kwa Luka tu, na Yohana hana hata hori. Igizo letu la Krismasi ndilo huwasonga wote katika banda moja.

Karne ya 2 mwandishi Mkristo Tatian alifanya kama igizo letu: alizishona nne zikawa simulizi moja, Diatesaroni, na makanisa ya Siria yakaisoma vizazi na vizazi. Kabla yake mwalimu Marcion alibaki na Luka peke yake, tena baada ya kuikatakata. Askofu Irenaeus wa Lyon, karibu mwaka 180, akashikilia kuwa ni nne, hazipungui wala haziongezeki. Kwa hiyo wanaosema mihadharani kwamba Injili zilipigiwa kura katika baraza la maaskofu la Nikea mwaka 325 wamechelewa zaidi ya karne moja. Orodha ya vitabu vyote 27 vya Agano Jipya imo katika barua ya Askofu Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367.

Huku kwetu pia Injili zilifika moja moja. Mmisionari Krapf alitua Mombasa 1844, na Luka kwa lugha ya Warabai ikachapwa Bombay 1848. Mathayo ya Kiswahili, kazi ya mmisionari Steere wa Unguja, ilitoka 1869. Biblia nzima ikangoja hadi 1891. Mrabai aliyesomewa habari za Yesu kitabuni mwaka ule wa 1848 alikuwa na Luka, basi. Na Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Hilo sijawahi kulisikia likitajwa na upande wowote pale Magongo.

Nimeomba vipindi viwili katika darasa la kipaimara nifundishe mambo haya. Mchungaji ametaka kwanza nimwandikie nitakayosema. Nimemwandikia haya haya, pamoja na habari ya kunakiliwa kwa Marko.