Sabufa Imechanika Pembeni, Msiizike

Na Mama Zuhura

Wiki hii mwenye duka mmoja wa Kariakoo amemdanganya mtoto wa dada yangu mbele ya macho yangu, na hasira haijanitoka mpaka naandika haya.

Kijana anaendesha teksi. Sabufa yake ya inchi 12 iliyo kwenye buti ilianza kukoroma. Besi ikipiga, ndani kunasikika kitu kinapwaya. Akaifungua, akaibeba, tukafuatana kwa kuwa nami nilikuwa na haja zangu mtaa uleule. Mwenye duka hakuigusa hata koni. Aliitupia jicho, akaona pete ya povu imemeguka robo nzima ya mzunguko, akasema, "Hii imekufa, kaka. Niachie hapa nikupunguzie bei ya mpya."

Nikamwomba mita.

"Mita ya nini tena, mama yangu?"

Akanipa, shingo upande. Koili ikasoma omu 3.4. Sabufa imeandikwa omu 4, na mita kwa kawaida husoma chini kidogo ya kilichoandikwa, kwa hiyo koili ile ni nzima. Nikaweka vidole pande mbili za koni, nikaisukuma chini taratibu, nikaiachia. Hakuna mkwaruzo. Nikamwambia kijana abebe mzigo wake turudi nyumbani. Hadi tunatoka, yule bwana bado anapandisha bei ya kuichukua hiyo iliyokufa. Maiti gani hiyo inayogombewa?

Mtu akinunua sabufa, fedha yake imekwenda kwenye sumaku, koili, fremu na koni. Ile pete ya pembeni ndiyo nyepesi kuliko vyote, na ndiyo inayotangulia kuzeeka. Povu lile ni la poliyurithani, na adui zake ni unyevu na joto. Gari la Dar es Salaam linashinda juani buti limefungwa, mwaka baada ya mwaka. Povu linageuka unga unaonata vidoleni, hata kama mwenyewe hajawahi kufungulia sauti ya kukera majirani. Kwa hiyo tuwapunguzie vijana lawama za fujo. Wapo wanaopasua spika kwa makusudi, nawajua, lakini pete nyingi ninazoletewa zimechoka kwa umri.

Na isidhaniwe kwamba pete ni pambo. Mwaka 1954 Edgar Villchur na Henry Kloss, Wamarekani, walianzisha kampuni ya Acoustic Research, wakatoa spika ambayo boksi lake limezibwa kabisa na hewa ya ndani ndiyo springi inayorudisha koni. Sabufa nyingi za magari zinafuata njia hiyo mpaka leo. Pete ikitoboka, hewa inavuja, koni inakosa breki, koili inaanza kupiga kando. Hapo ndipo kifo cha kweli kinapokuja, na kinaletwa na kuendelea kuipiga ikiwa imechanika. Zima kwanza.

Tulipofika nyumbani jirani akaja mbio na supaglu. Nikaikataa. Supaglu ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, na pete inatakiwa ikunjike makumi ya mara kwa sekunde. Itapasuka palepale pembeni ya gundi, safari hii kubwa zaidi. Kama pete ni ya mpira na ufa ni mdogo, karatasi ya tishu na gundi ya mpira inayobaki laini, ndani na nje, vinatosha. Povu likishaanza kumeguka ukilibonyeza kwa ukucha, hakuna kiraka. Linatoka lote.

Tukalitoa lote. Kazi yenyewe inataka subira tu. Gundi ya zamani tuliikwangua kidogo kidogo, halafu kitambaa chenye spiriti, spiriti ya kunusa tu, kwa sababu koni ya karatasi ikilowa inalegea. Kofia ya katikati tukaikata kwa wembe. Watu wengi wanairuka hatua hii, na ndiyo inayoamua kila kitu: koili inakaa kwenye mwanya mwembamba sana, ukibandika pete huku koni imeegemea upande, itakwaruza maisha yake yote. Tulikata vipande vinne vya filamu ya eksirei ya zamani, tukavichomeka kuzunguka nguzo ya sumaku mpaka koili ikasimama katikati haichezi. Pete ikabandikwa kwenye koni kwanza, ikaachwa ishike, kisha kwenye fremu, vibanio vya nguo kuizunguka. Ikalala usiku kucha. Asubuhi filamu zikatoka, vidole vikarudi kwenye koni, kimya. Kofia ikarudishwa kwa gundi, na toni ya hezi 30 ikapigwa kwa sauti ndogo. Kijana aliweka kiganja juu ya boksi akacheka peke yake. "Mama mdogo, kumbe ni hivi tu?"

Ni hivyo tu, ukiwa na pete. Mimi ninazo kabatini kwa kuwa huwa naagiza kwa wasafiri, tena kwa vipimo, maana inchi 12 peke yake haitoshi: lazima upime upana wa koni na upana wa ukingo wa fremu panapokaa gundi. Kariakoo nimezunguka nikizitafuta na kila duka linanielekeza kwenye sabufa nzima, mpya, ndani ya boksi.

Makontena ya spika yanashuka bandarini kila siku. Boksi moja la pete lingeingia kwenye pengo la mzigo bila mtu kuhisi, na dereva teksi angelipia kitu kidogo badala ya kulipia sumaku ambayo tayari anayo. Waagizaji wanalijua hilo kuliko mimi. Pete hawaleti, na sabufa zilizochanika wanazitaka.