Vitabu vya Picha na Karo ya Mtoto

Mwezi huu tumeletewa shauri ambalo halijapata kufika mezani petu tangu safu hii ianze. Kijana wa miaka 15, mtoto wa familia moja inayofanya biashara ya jinzi hapa Xintang, amemwomba baba yake fedha anunue sanduku la vitabu vya katuni vya zamani vya Kimarekani, vile vya mashujaa wenye nguvu zipitazo za binadamu. Muuzaji ni mtu wa kwenye simu tu, hajaonana naye. Baba hakukataa. Alitaka kuongeza na fedha zilizotengwa kwa karo ya muhula ujao, kwa kuwa amesikia kwamba vitabu hivyo hupanda bei kuliko kiwanja. Mama ndiye aliyetuletea habari hii, naye ameturuhusu tuijibu hapa, kwani yamkini si nyumba yake peke yake.

Aliyoyasikia baba si uongo. Action Comics namba 1, toleo la Juni 1938 ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, liliuzwa kwa senti 10. Mwezi wa Aprili 2024 nakala moja ya toleo hilo ilinunuliwa mnadani huko Marekani kwa dola milioni 6. Nakala ya Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, alimozaliwa Spider-Man, ilifika dola milioni 3.6 mwezi wa Septemba 2021. Habari za namna hii huenea upesi, na kila anayezisikia huanza kuhesabu vidole.

Lakini na tuulize bei hiyo imetoka wapi. Vitabu vile vilichapwa kwa karatasi duni, kwa ajili ya watoto, na watoto wakavisoma mpaka vikachanika. Akina mama walivitupa. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, Wamarekani wakahimizwa kukusanya karatasi kuukuu kwa ajili ya mahitaji ya vita, na vingi vikaenda huko. Inakadiriwa kwamba nakala za Action Comics namba 1 zilizosalia ni takriban 100 tu. Anayelipa mamilioni leo analipia maelfu ya nakala zilizopotea, kwa kuwa hakuna aliyedhani zingekuwa na thamani.

Sasa tazama kilichotokea watu walipokwisha kudhani hivyo. Mwezi wa Novemba 1992 lilitolewa toleo la Superman namba 75, ambamo shujaa huyo anauawa. Lilifungwa ndani ya mfuko mweusi, pamoja na kitambaa cha matanga cha kuvaa mkononi. Watu walipanga foleni wakanunua nakala tano tano, kumi kumi, wakaziweka kabatini bila kufungua, wakiamini kwamba zitawasomeshea watoto chuo kikuu. Ziliuzwa mamilioni ya nakala, na karibu kila mtu akatunza ya kwake. Zaidi ya miaka 30 imepita na nakala hizo zimejaa tele. Bei yake haifikii hata kodi ya chumba cha mwezi mmoja. Soko lote likaanguka katikati ya miaka ya 1990, na mwezi wa Desemba 1996 kampuni ya Marvel yenyewe ikaomba kinga ya mahakama kwa kufilisika. Masanduku yanayouzwa kwa jumla siku hizi aghalabu hubeba matoleo ya miaka ile.

Kisha kuna suala la hali ya kitabu. Hapa wasomaji wetu wa Xintang hawahitaji mwalimu, maana nani asiyejua tofauti ya mzigo wa jinzi wa daraja la kwanza na ule wenye mishono iliyopinda? Tangu mwaka 2000 ipo kampuni ya Kimarekani, CGC, inayopima vitabu hivi kwa alama zinazofika 10 na kuvifunga katika gamba la plastiki. Nakala ile ya dola milioni 6 ilipewa 8.5. Nakala iliyokosa ukurasa, iliyoota kutu kwenye pini, au iliyopakwa rangi mpya ili kuficha mkwaruzo, huporomoka bei vibaya. Picha ya jalada iliyotumwa kwa simu haionyeshi hata moja kati ya hayo. Nayo bei anayoitaja muuzaji ni ombi lake tu. Bei ya kweli ni ile iliyokwisha kulipwa na mnunuzi, na hiyo ndiyo ya kutafuta.

Tunashangaa, hata hivyo, kwamba kijana anaagiza Marekani ilhali anaishi juu ya hazina nyingine. Wachina wanavyo vitabu vyao vya picha, lianhuanhua, ambavyo wengi huviita xiaorenshu, yaani vitabu vya watu wadogo. Ni vidogo, vinaenea kiganjani, kila ukurasa una mchoro mmoja na maneno machache chini yake. Vilianza kushamiri Shanghai katika miaka ya 1920. Watoto waliviazima kwenye vibanda vya mitaani kwa fen moja au mbili, wakavisoma wakiwa wameketi kwenye viti vifupi palepale. Mna mashujaa humo: Sun Wukong, mfalme wa nyani anayepaa mawinguni na kubadili umbo apendavyo, ni mkubwa wa Superman kwa karne nyingi. Wachoraji wake hawakuwa wa kubahatisha. Atakayetazama mistari ya He Youzhi atajua kwamba yuko mbele ya msanii.

Vitabu hivi navyo vilipita katika moto. Vingi viliteketezwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikachapwa tena kwa mamia ya mamilioni ya nakala kwa mwaka, kisha televisheni na katuni za Kijapani zikavinyang'anya wasomaji. Leo waliokuwa watoto wakati ule wana fedha, nao wanautafuta utoto wao. Hadithi ya Falme Tatu iliyotolewa Shanghai kuanzia miaka ya 1950, ambayo ilifikia vitabu 60, ikiwa kamili na safi ni mali. Zilizochapwa upya baadaye ni nyingi na rahisi.

Mchina amemrahisishia mkusanyaji kazi. Fungua ukurasa wa maelezo ya uchapaji: utakuta imeandikwa chapa ya ngapi, imepigwa mara ya ngapi, mara nyingi na idadi ya nakala, hata bei ya awali. Wakusanyaji hutafuta yiban yiyin, chapa ya kwanza iliyopigwa mara ya kwanza. Muhuri wa maktaba hupunguza bei. Nao unyevu ni adui mkubwa kuliko wote. Sote tunaujua msimu wa huinantian, mwishoni mwa masika ya baridi, kuta zinapotoa jasho na nguo kuota ukungu kabatini. Karatasi iliyowekwa chini ya kitanda hapa Xintang haimalizi miaka miwili salama.

Na vya kwetu je? Wenzetu wa rika letu wanamkumbuka Lance Spearman, mpelelezi mwenye kofia na sigara, ambaye hadithi zake za picha za kupigwa, katika gazeti la African Film, zilisomwa kutoka Lagos hadi Nairobi na Dar es Salaam. Wanalikumbuka jarida la Sani, na Ndumilakuwili na Lodilofa wa Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Nairobi walitoa Pichadithi, ngano zetu zilizotiwa katika michoro. Zilifungiwa karanga na maandazi. Hakuna mnada unaozitangaza, na ndiyo sababu bado mtu aweza kuzipata kwa bei ya soda, akibahatika kuzikuta.

Kwa hiyo tumemjibu mama hivi. Karo ilipwe shuleni, yote, kabla ya muhula kuanza. Kijana apewe kiasi ambacho baba hatakililia kikipotea, afuatane na jirani Mchina mwenye umri, asome naye ukurasa wa uchapaji kabla ya kutoa yuan hata moja, na kila alichonunua akiandike daftarini pamoja na bei. Lile sanduku la kwenye simu liachwe huko huko liliko.

Baba ametuma ujumbe kwamba amekubali, ingawa kwa kununa. Mama yeye ameongeza kwamba shemeji yake aliyeko Tanga ana nakala kadhaa za Sani ndani ya sanduku la bati, na mchwa hawajalifikia. Mwenye safari ya Tanga mwezi ujao, na nafasi ya kilo mbili katika mzigo wake wa kurudi, tafadhali amwone mama huyo kupitia kwa mhariri.