Chanja ya dagaa iingie darasani

Anayetoka Pasiansi hahitaji kufika mbali zaidi ya Mwaloni, Kirumba, kuona kwa nini elimu ya amali inamhusu mfanyabiashara mdogo. Dagaa wanaoanikwa chini hushika mchanga, na mvua ikiwakuta hawajakauka huharibika au huishia kuwa chakula cha kuku. Wa kwenye chanja huwa wasafi na bei yao ni nzuri zaidi. Na chanja yenyewe ni nguzo, mbao na wavu tu.

Januari 2024 baadhi ya sekondari nchini zilianza kupokea kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, kwa mujibu wa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023. Wanafunzi hao wa kwanza mwaka wao wa kidato cha nne ni 2027. Mzazi aliyeuza mpunga kumnunulia mtoto sare anauliza kama atarudi na kazi mkononi au na cheti tu.

Swali hilo si geni. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na miaka ya 1970 sekondari zikapewa mikondo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu. Bwiru Wavulana, jirani kabisa na Pasiansi, ni miongoni mwa shule kongwe za ufundi. Wazo halikuwa baya. Vifaa vilichakaa, walimu wa fani wakapungua, na kwingi kujitegemea kukabaki kushika jembe katika shamba la shule.

Isitoshe, kunakili stuli ile ile kila mwaka hufundisha mkono, hakufundishi kubuni. Mwanafunzi aende Mwaloni awaulize akina mama chanja iwe na kimo gani wasiumie migongo, na wavu upi haudondoshi dagaa. Achore, apige hesabu ya mbao na misumari, atengeneze moja, airudishe wakaitumie. Ikivunjika, hilo nalo ni somo.

Gharama ndiyo ngumu. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2016, lakini mbao hazikufutiwa bei. Wapo wanaoshauri shule ziuze kazi za wanafunzi. Hapo tuwe waangalifu. Fundi wa mtaani analipa pango, umeme na leseni, darasa halilipi. Shule ikiuza milango kwa bei ya kutupa, inamwangusha mtu yule yule ambaye angempokea kijana akimaliza.

Afadhali shule ibuni na kujaribu mfano, fundi atengeneze kwa wingi, naye awapokee vijana kujifunza kazini. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inaweza kuwakutanisha. Mwenye karakana Pasiansi anaweza kuanza kwa kuuliza shule ya jirani inafundisha fani gani, kisha akaomba vijana wawili wakati wa likizo.