MAMA ALISINYE. NANI ALIMUSOMEA?

Vijana wenzetu wa Bukavu, Goma, Uvira na kwingineko, ninyi wenye munatusoma na mega ya kuombaomba, leo hatuongelee barabara wala umeme. Tunaongelea karatasi moja tu. Iko mu droo ya kila nyumba ya kredi, na pengine kopi yake iko chini ya godoro ya mama yako: karatasi ya avalisti.

Munajua vile inatendeka. Mutu anataka dola 500 aongeze bitenge mu soko ya Kadutu. Nyumba ya kredi inamwambia: leta karatasi ya parsele, ao leta avalisti. Parsele hana. Basi anaenda kwa shangazi, kwa jirani mwalimu, kwa mama wa kanisa mwenye anaheshimika. Huyo mama anasinye juu anaona haya kukatala. Inachukua dakika tano. Hakuna mwenye anamusomea, na siku ile hapati hata franga ya kurudia nyumbani. Miezi sita nyuma, bitenge imeungua na moto ya soko, ao mwenyewe amekimbilia Kampala, na vijana wa kudai wanabisha kwa mama.

Tuseme wazi: kwa namna hii hawakopeshe masikini. Wanakopesha shangazi zao, bila kuwapa pesa.

Mimi nilimaliza masomo ya sheria, niko shomere sawa wengi wenu, na diploma yangu iko mu plastiki juu ya kabati. Angalau itumike kwa kitu moja: kueleza ile karatasi inasema nini.

Mbele ya sheria, avalisti ni mudhamini. (Wanasheria watacheka, juu kwao «aval» ni mambo ya hati za biashara. Wacheke. Kwa soko njo vile inaitwa.) Mudhamini anamwambia mudai, yaani yule mwenye alikopesha: mudaiwa asipolipa, nitalipa mimi. Congo iko mu OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, na kwa udhamini tunafuata sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010. Mule ndani iko neno moja yenye inabeba hatari yote: «solidaire».

Watu wengi wanafikiri mudai anapaswa kwanza kumaliza mali ya mudaiwa, auze friji yake, auze pikipiki yake, halafu njo aje kwako. Hapana. Hiyo ni udhamini wenye unaitwa «simple», na inapaswa kuandikwa wazi. Karatasi ikinyamaza, sheria inakuhesabu solidaire: mudaiwa akishaandikiwa alipe na hakulipa, mudai anaweza kukudai wewe deni yote, hata kama mwenyewe bado iko na magari mbili. Na sawa vile hiyo haitoshi, kontra zinaongeza mustari: «renonce au bénéfice de discussion et de division». Uliza mama yako hiyo ni nini. Kwa Kiswahili ni hivi: ninakubali musitafute mali yake kwanza, na kama tuko wadhamini watatu, ninakubali munidai mimi peke yangu deni ya wote. Mama angesikia maneno hiyo kwa Kiswahili, angeweka kalamu chini na kutoka.

Lakini sheria ile ile iko na meno ya upande wetu, na hiyo njo hawatuambie. Kifungu 14 kinasema mudhamini anapaswa kuandika kwa mukono wake mwenyewe kiasi cha mwisho chenye anadhamini, kwa maneno na kwa tarakimu, na kile kiasi kinafunika yote, deni na riba na gharama. Maneno na tarakimu zikipishana, maneno njo inashinda. Na kama mudhamini hajui kuandika, wanapaswa kuwa mashahidi wawili wenye kuhakikisha kwamba alikuwapo na kwamba alielezewa hii karatasi ni nini na itamufanyia nini. Alielezewa! Iko mu sheria, haiko huruma ya mutu wa guichet.

Sheria inaendelea. Mudaiwa akikosa kulipa, na barua ya kumudai ikibaki bila jibu, mudai iko na mwezi moja kumujulisha mudhamini, pamoja na hesabu ya yenye imebaki. Tena kila nusu mwaka anapaswa kumupelekea hali ya deni. Asipofanya hivyo, hawezi kumudai mudhamini riba ya ule wakati wote alinyamaza. Na hata kwa solidaire, akifungua mashitaka, anapaswa kumwita mudaiwa naye mbele ya tribinali. Na mudhamini akishalipa, anaingia mu nafasi ya mudai: haki zote zenye nyumba ya kredi ilikuwa nazo juu ya mudaiwa zinakuwa zake.

Sasa linganisha na yenye tunaona. Mu familia yetu, mjomba mumoja, mwalimu wa sekondari, alisinyia rafiki wake. Kiasi kilichapwa na mashine, yeye aliweka sinyatire tu. Miaka mbili hakupata barua hata moja. Barua ya kwanza yenye alipata ilikuwa ya polisi, na riba ya miaka mbili ilikuwa imeandikwa ndani.

Polisi! Hapa njo tunakasirika zaidi. Kukosa kulipa mukopo, peke yake, si kosa ya jinai. Ni mambo ya tribinali ya madai. Juu wanajua hivyo, wanatafuta nguo ya kuivalisha: wanaandika «abus de confiance», kifungu 95 cha kitabu cha pili cha sheria ya makosa, ao «escroquerie», kifungu 98. Mudhamini alidanganya nani? Alichukua nini? Hata ile pesa hakuigusa. Congo ilijiunga mu 1976 na Mapatano ya Kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, na kifungu 11 kinasema hakuna mutu wa kufungwa juu tu hawezi kutimiza kontra. Lakini mu kasho za miji yetu, mutu analala chini mpaka familia ichange. OPJ si wisiye. Na hata wisiye, mbele ya kugusa kiti yako, anapaswa kuwa na hati yenye nguvu ya kutekelezwa, kama vile hukumu ya tribinali. Mutu mwenye anakuja na simu ya mukubwa fulani peke yake, hana kitu.

Kuna watakaosema: munafundisha watu kukimbia deni. Hapana. Deni ni deni. Mama wa likelemba anajua hivyo kuliko mutu wa banki. Mudai iko na haki ya kupata pesa yake, na bila hiyo haki hakuna mwenye angekopesha, tungebaki sisi wote kwa banki lamberi, unachukua 100, mwezi ikiisha unarudisha 130 ao 150. Ninachosema ni ingine: mudai ambaye ni mutu wa kazi, mwenye anaishi na riba, aliona hatari, akaihesabu mu riba, halafu akaichukua ile hatari ile ile na kuiweka kwa mabega ya mama bila kumuambia. Amelipwa mara mbili kwa kitu moja.

Na uangalie vile sheria inawatendea wenye biashara. Wabelgiji walituachia dekre ya 27 Julai 1934 juu ya kufilisika. Leo tuko na sheria ya OHADA yenye ilirekebishwa tarehe 10 Septemba 2015. Mwenye biashara, akiona pesa yenye iko nayo haitoshi tena kulipa madeni yenye imefika siku yake, iko na siku 30 kwenda kutangaza mbele ya tribinali ya biashara. Akienda mapema zaidi, anaweza kuomba mapatano na wadai wake. Tribinali ikifungua redressement, wadai wanasimama: hakuna tena kila mutu kukimbia na wisiye wake, wote wanapeleka madai pamoja, na wanaweza kukubaliana kupunguza deni ao kuongeza wakati. Ikishindikana, ni liquidation: mali inauzwa, wanagawanya kwa mupango, mishahara ya wafanyakazi ikiwa kati ya zile za mbele, wenye rehani kwa rehani yao, na wenye hawana kitu mukononi wanangoja mwisho.

Hiyo ni akili nzuri, siipinge hata kidogo. Kufilisika kwa namna hiyo si aibu, ni njia ya kuanguka bila kukanyagana. Na tangu 2015 mulango uko wazi hata kwa fundi-seremala, hata kwa mulimaji, hata kwa mama wa bitenge, juu sheria inataja kila mutu mwenye kufanya kazi yake ya kujitegemea. Wangapi mu Kadutu wanajua? Na mjomba wangu mwalimu, yeye? Hana biashara, anaishi na mushahara. Kwake ule mulango haupo. Mwenye alikula pesa anaweza kusimamisha wadai wake mbele ya juge. Mwenye alisinye tu, akiwa mutu wa mushahara, hawezi kufilisika. Anaweza paka kulipa.

Wenye umri munakumbuka 2016, wakati BIAC ilianguka. Watu walipanga mistari kwa milango, wanapewa pesa yao wenyewe kidogo kidogo. Siku ile wadai walikuwa nani? Wateja. Waliambiwa wavumilie, wakavumilia. Uvumilivu ni kitu wanatufundisha siku tunadai sisi. Siku tunadaiwa, ni saa ile ile, na pikipiki mbili ya polisi.

Tunarudi kwa neno «alielezewa». Kifungu 142 cha Katiba kinaagiza Serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 kisha kutangazwa. Kiswahili ni moja ya zile nne. Sheria ya kuruhusu Congo kuingia OHADA ni ya tarehe 11 Februari 2010. Nenda uombe hizi sheria za udhamini na za kufilisika kwa Kiswahili, ku ofisi ya serikali yenye unataka. Chukua kiti, utangoja.

Kwa hiyo tunadai, na tunaandika wazi ili mutu asiseme hakusikia. Nyumba za kredi zisome kontra kwa Kiswahili mbele ya mudhamini, zimupe kopi yake siku ile ile, na zitume barua za kila nusu mwaka. Prokirere akataze OPJ kupokea madai ya mukopo sawa makosa ya jinai, na atoe mu kasho wote wenye wako mule juu ya deni. Serikali itafsiri. Miaka kumi na zaidi inatosha.

Na wewe mwenye unasoma: leo jioni omba mama ile kopi. Angalia kama kiasi kiliandikwa na mukono wake, kwa maneno na kwa tarakimu. Angalia kama neno «solidaire» iko. Hesabu barua zenye alipata tangu siku ile. Kama hana kopi, muende pamoja kesho asubuhi muiombe, kwa heshima, mukiwa watu wawili. Wakiwakatalia, mutuandikie tarehe, saa, na mulango gani.