Chema Chajiuza: Juu ya Vyakula vya Wamarekani na Uvivu Wetu

Yako mazoea katika madarasa yetu ambayo hatuna budi kuyakemea. Mwalimu akifikia somo la vyakula vya mataifa, huandika ubaoni: Wahindi, biriani, Waitalia, tambi, Wamarekani, mkate uliotiwa nyama ya kusaga katikati, pamoja na soda. Wanafunzi hunakili, kengele hulia, na taifa zima limekwisha kufungwa ndani ya karatasi moja ya dukani. Wapo hata wenzetu wasemao kwa kujiamini kwamba Wamarekani hawana mapishi, wana biashara tu. Fikra hiyo tunaipinga. Ni fikra ya msafiri aliyesoma mabango ya barabarani asibishe hodi kwenye mlango hata mmoja.

Na tubishe hodi basi Montgomery, katika jimbo la Alabama, nyumbani kwa Bibi Georgia Gilmore, mpishi na mkunga, mama wa watoto sita. Mwezi wa Desemba 1955 Weusi wa mji ule waligoma kupanda mabasi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Mgomo ulihitaji fedha, kwani watu walipaswa kubebwa kwa magari kwenda kazini na kurudi. Bibi Gilmore aliwakusanya wanawake wenzake, wakapika kuku, keki na pai, wakauza, na mapato wakayaleta mikutanoni. Kikundi chao walikiita Klabu ya Kusikojulikana, ili wakiulizwa fedha zimetoka wapi, waweze kujibu bila kumtaja mtu. Maana waliohofia kupoteza kazi kwa waajiri wao Wazungu walikuwa wengi. Mgomo ulidumu siku 381, na mabasi yakaacha kuwatenga watu.

Mwaka 1956 Bibi huyu alitoa ushahidi katika kesi ya Martin Luther King, akapoteza kazi yake ya upishi. King akamhimiza apike nyumbani kwake mwenyewe, akamsaidia fedha za kuanzia. Hivyo nyumba ya kawaida ikageuka mgahawa usio rasmi. Haukutangazwa kwa taa wala kwa mabango, lakini mawakili na vibarua, Weusi na Weupe, walikula hapo pamoja katika mji uliokuwa umezoea kuwatenganisha. Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi walimu tumewafundisha watoto wetu kile kijitembezacho.

Na je, ni nini kilichokuwa chunguni? Kuku wa kukaanga, nyama ya kusaga iliyookwa kama mkate, makaroni ya jibini, na majani mabichi yaliyochemshwa yakalainika. Majani hayo ni jamaa ya sukuma wiki ya majikoni kwetu. Katika majimbo hayo hayo ya kusini utakuta pia kunde, zao la asili ya Afrika, lililovuka bahari wakati wa biashara ya utumwa. Utakuta uji mzito wa mahindi yaliyokobolewa. Na mahindi, tusisahau, yalitoka Amerika kuja kwetu. Utakuta huko Louisiana mchuzi wa bamia uitwao gumbo, jina ambalo wataalamu wengi wa asili ya maneno hulirudisha kwenye lugha za Kibantu za Angola. Mwalimu wa Kiswahili asemaye kwamba sahani hii ni ngeni kabisa kwake, amewakana ndugu wa lugha yake mwenyewe.

Hapa tuna neno na wafasiri pia. Wamarekani huvitaja vyakula hivi kwa jina lenye maana ya chakula kimtulizacho mtu, kile alichokizoea utotoni na anachokitamani akiwa amechoka au ana huzuni. Wafasiri wetu hukimbilia kuandika “chakula cha faraja.” Lakini kwetu faraja yafuatana na msiba, na msomaji ataona mbele yake turubai, mikeka na sufuria za matanga. Kwa nini tusiandike “chakula cha nyumbani,” au “mapishi ya mama,” na kila mtu akaelewa? Siku moja tu lile jina la faraja lingefaa. Bibi Gilmore alifariki Machi 1990 akiwa anawaandalia chakula watu walioadhimisha miaka 25 ya maandamano ya Selma, na chakula chake cha mwisho kikaliwa na waliokuja kumlilia.

Tunajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa kwamba mwalimu wa lugha kazi yake ni sarufi na fasihi, na mambo ya sufuria tuwaachie wapishi. Tunauliza: maneno kama kuunga, kupalia, kuchambua, upawa na ukoko ni mali ya nani, kama si ya lugha? Yakifa, ni kamusi gani itakayoyafufua? Jiko ni darasa la kwanza la Kiswahili kwa watoto wengi.

Basi tunawataka walimu wenzetu waufute ule mstari wa ubaoni. Badala yake wawasimulie wanafunzi habari za nyumba ile ya Montgomery, kisha wawapeleke kwa mama lishe aliye nje ya lango la shule, wamwulize anapika nini, amejifunza kwa nani, na kila chombo chake kinaitwaje. Maana dharau yetu kwa mapishi ya mbali ilizaliwa hapa hapa karibu. Anayempita mama huyo kila siku bila ya kumjali, mapishi ya Alabama atayaonaje?