Kabla ya kufungua gundi, muulize mtoto: nani anasali hapa?

Kuna mtoto anayeomba mpira, kuna anayeomba simu, na kuna anayeomba boksi tupu la televisheni. Huyu wa tatu anataka lile povu gumu jeupe lililomo ndani, vijiti vya mishikaki na gundi, maana meza yake ya vita vya kubuni inahitaji hekalu dogo la Kichina.

Mzazi asiyeujua mchezo huu huona takataka. Mwingine huona vita. Mwingine huona hekalu, na moyo unamdunda: mwanangu anaingia kwenye nini? Wote watatu wana haki ya kuuliza. Ila lipo swali moja la kumuuliza mtoto kabla hajaanza kukata: nani anasali hapa?

Mchezo wenyewe

Wachezaji hupanga askari, majoka na wachawi mezani, visanamu vya urefu wa milimita 28 hivi. Tepu ya kupimia huonyesha kisanamu kinasogea umbali gani, dadu huamua nani ameshinda. Milima, nyumba na mahekalu ya kujificha hutengenezwa kwa mikono, na watoto wengi hupenda kazi hiyo kuliko vita vyenyewe.

Si jambo la jana. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alikuwa akicheza sakafuni na wanawe wawili, na mwaka 1911 akaandika kitabu kuhusu michezo hiyo. Mwaka 1913 akatoa kingine, Little Wars, chenye kanuni za vita vya askari wa kuchezea.

Hekalu la nani?

Hapa ndipo watoto wengi huteleza. Wanachukua paa lililopinda, wanaongeza mafuvu na mikuki, wanasema ni hekalu la “kabila la Kichina”. Likiisha, kazi yake mezani ni kuchomwa moto. Mtoto hana nia mbaya, lakini anajifunza kimyakimya kwamba mahali pa ibada pa watu asiowajua ni pambo tu, tena la kutisha.

Mpe mtoto kitu cha kweli cha kuanzia. Katika vijiji vingi vya China na Taiwan, kando ya mashamba, kuna vihekalu vya Tudigong, mungu wa ardhi ya mahali pale. Huchongwa kama mzee mwenye ndevu nyeupe, mara nyingine akiwa na mkewe pembeni. Cheo chake mbinguni ni kidogo, kama cha mjumbe wa nyumba kumi, lakini anawajua watu wake wote. Siku yake kubwa ni ya pili ya mwezi wa pili katika kalenda ya mwezi. Katika hadithi ya kale ya Safari ya Magharibi, Mfalme Nyani akifika ugenini humwita mungu huyu amweleze habari za eneo. Mtoto akisikia hivyo, tayari ana mhusika wa mchezo wake.

Akitaka watu wa jamii ndogo, China inatambua rasmi makabila madogo 55. Mojawapo ni Wadong, wanaoishi hasa Guizhou, Hunan na Guangxi. Wanamheshimu Sa, na neno hilo katika lugha yao ni bibi. Mahali pake pa ibada mara nyingi huwekwa mwavuli wa karatasi uliofunguliwa nusu. Hakuna fuvu hapo. Kuna bibi na mwavuli.

Wadong hao wana minara mirefu ya mbao yenye mapaa yaliyopandana. Mtoto akiona picha atasema ni hekalu. Mwambie ni mnara wa ngoma, mahali pa kukutania na kuamulia mambo, yaani baraza lao. Kijiji cha Zhaoxing kina minara mitano.

Vipimo kwanza

Kisanamu cha milimita 28 kikichukuliwa kuwa mtu mzima, sentimita moja ya mezani ni kama sentimita 60 za kweli. Mwache mtoto apige hesabu mwenyewe. Mlango wa mita mbili utakuwa zaidi kidogo ya sentimita tatu; ufanyeni sentimita nne, maana visanamu husimama juu ya vitako. Kihekalu cha njiani kinachomfika mtu kiunoni hakitafika hata sentimita mbili. Boksi la kiberiti likisimamishwa wima linakaribia jengo la mita tatu, na hilo linatosha kwa kuanzia.

Kuta zitengenezwe kwa povu au kadibodi ngumu, nguzo kwa vijiti vya mishikaki. Kwa vigae, chukua kadibodi ya boksi yenye mawimbi ndani, ilowanishe kidogo, bandua karatasi ya juu. Mistari itakayojitokeza inafanana sana na safu za vigae. Kata vipande viwili vya pembeni vyenye mbonyeo mdogo kwa juu, kisha laza kadibodi juu yake ikiwa bado na unyevu. Ikikauka, paa litabaki limepinda.

Kwa hekalu la kijijini, vigae viwe vya kijivu. Vigae vya njano vinavyong’aa vilikuwa hasa vya majumba ya mfalme na mahekalu makubwa aliyoyapa heshima hiyo. Pembeni mwa mlango bandika vipande viwili vya karatasi nyekundu, na mbele weka kifuniko kidogo kiwe chetezo cha ubani.

Kisu, moto na rangi

Kisu cha kukatia kadibodi kinakata kidole haraka kuliko kadibodi. Mtoto mdogo achore mistari, mkubwa ndiye akate. Kijana atumie rula ya chuma, apitishe kisu taratibu mara tatu nne badala ya kukandamiza mara moja.

Povu lisikatwe kwa kisu kilichopashwa moto ndani ya nyumba. Moshi wake ni sumu. Rangi ya kupuliza nayo hulila povu hadi libaki mashimo. Kwanza pakeni gundi nyeupe iliyochanganywa na rangi ya maji, mwache ikauke usiku kucha. Haraka haraka haina baraka, na kwenye gundi msemo huu ni wa kweli kabisa.

Baba, kitabu na paa

Mwaka 1103 kilichapishwa China kitabu cha ujenzi, Yingzao Fashi, kilichoandikwa na Li Jie, ofisa wa ujenzi wa serikali. Ndani yake mna vipimo vya boriti, mihimili na mipindo ya mapaa. Mwaka 1925 Liang Qichao alimtumia mwanawe nakala ya kitabu hicho. Kijana huyo, Liang Sicheng, alikuwa akisoma ubunifu wa majengo Marekani, na hakukielewa. Maneno ya mafundi wa zamani yalimshinda.

Hakukitupa. Aliporudi nyumbani aliwafuata mafundi wazee wa Beijing wamfundishe majina ya kazi yao, kisha yeye na mkewe Lin Huiyin wakaanza kusafiri vijijini na kupanda juu ya mapaa. Mwaka 1937, mkoani Shanxi, walilipima hekalu la Foguang. Lin ndiye aliyeona maandishi hafifu ya wino chini ya boriti, na maandishi hayo yakasaidia kuthibitisha kuwa ukumbi ule ulijengwa mwaka 857. Mtoto wao wa kiume aliyezaliwa mwaka 1932 walimwita Congjie, jina lenye maana ya kumfuata Jie, yule mwandishi wa kitabu.

Baba alimpa mwanawe kitu kilichomzidi kimo, na mwana akakua mpaka akakifikia. Mzazi hahitaji kujua mapaa ya China ili kumsaidia mtoto. Inatosha kukaa naye, kutazama picha za majengo ya kweli, na kukubali kuulizwa swali lisilo na jibu la papo hapo.

Na imani ya nyumbani?

Wapo wazazi, Waislamu na Wakristo, wasiotaka sanamu ya mungu mwingine mezani hata ya kuchezea. Kila nyumba ina uamuzi wake, na mtoto auelewe uamuzi huo kwa maelezo, asiusikie kwa ukali tu. Hekalu linaweza kuachwa tupu ndani. Linaweza kuwa lango la kijiji, au mnara wa ngoma, ambao ni baraza tangu mwanzo. Mwambie waziwazi: sisi hatusali hapa, lakini wapo wanaosali, na hatuwacheki. Mtoto anayeambiwa hivyo anabaki na imani yake na adabu yake pia.

Kisha mwombe atunge kanuni moja ya mchezo kuhusu hekalu lake. Badala ya kuwa mahali pa kuteketezwa, liwe mahali pa hifadhi: anayeingia humo hapigwi mpaka zamu yake ipite. Wenzake watabisha, watajadiliana, watakubaliana. Watu wazima wengi wameshindwa kufika hapo.

Wikendi hii, boksi la televisheni likishuka kutoka juu ya kabati, muulize kijana wako lile swali. Akijibu “sijui”, gundi isubiri kidogo. Tafuteni jibu kwanza, wawili pamoja.