Mtoto Akikosa Pumzi



Kuna ugonjwa mmoja unaopenda kuingia nyumbani usiku, wakati watu wote wamelala. Mtoto huamka akikohoa, huketi kitandani, mabega yake yamepanda juu, na kifua chake kinalia kama filimbi. Mama humshika, baba hufungua dirisha, jirani huleta mafuta ya kupaka. Kunapopambazuka, kifua kimetulia na mtoto anaomba chakula. Hapo wazazi hushukuru na kusema: «Imekwisha.»

Ugonjwa huo ni pumu, ambayo wengi wetu huiita asma. Leo tunataka kuzungumza nanyi hasa juu ya neno hilo «imekwisha», kwa maana si kweli, nalo limewapoteza watu wengi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu duniani, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa hao waliokufa walikuwa wa nchi maskini, ambako ugonjwa hautambuliwi mapema wala kupata dawa iliyo sawa. Hata hivyo pumu si hukumu ya kifo. Mtoto aliyetunzwa vizuri husoma, hucheza mpira, na hukua kama wenzake.

NDANI YA KIFUA KUNA NINI?

Hewa tunayoivuta hupita katika mabomba mengi madogo yanayogawanyika kama matawi ya mti. Katika mtu mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mabomba hayo imevimba na hutoa makohozi mazito. Tena misuli inayoyazunguka hukaza upesi ikichokozwa na moshi, vumbi, baridi au mafua. Ndipo njia inakuwa nyembamba, na hewa hutoka kwa shida na kwa mlio.

Sasa shikeni jambo hili, maana ndilo msingi wa yote: kukaza kwa misuli huja na kupita, lakini uvimbe hubaki. Hubaki hata siku ile mtoto anapokimbia na kucheka. Mzazi husikia mlio tu. Mlio ukinyamaza, hudhani ugonjwa umetoka.

Uvimbe huo hutoka wapi? Mara nyingi hutokana na aleji, ndiyo mzio, yaani mwili kupigana na kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara. Neno hilo alilitunga Clemens von Pirquet, mganga wa watoto wa mji wa Vienna, mwaka 1906. Lakini sababu yake katika damu haikujulikana kwa miaka sitini. Ndipo katika miaka ya 1966 na 1967 Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani waliofanya kazi Denver, Marekani, na pia Johansson na Bennich wa Uppsala, Uswidi, kila upande kwa njia yake, waligundua aina ya kingamwili ambayo mwaka 1968 ilipewa jina la IgE. Hiyo ndiyo inayopiga mbiu ya vita ambapo hakuna adui.

Na nani anayechokoza nyumbani? Mwaka 1964 wataalamu Voorhorst na Spieksma wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba katika vumbi la nyumba mna kidudu kidogo mno, kisichoonekana kwa macho, kinachokaa katika magodoro na mito na kula magamba ya ngozi yetu. Mavi yake makavu huruka pamoja na vumbi, nasi tunayavuta. Hiyo ni sababu mojawapo ya watoto wengi kushikwa usiku, vichwa vyao vikiwa juu ya mto.

UGONJWA HUJULIKANAJE?

Si kila kikohozi ni pumu. Kikohozi kinachopita wiki mbili hakina budi kupimwa kifua kikuu. Wala mtu asimpe mtoto dawa ya pumu kwa kukisia tu. Mganga wa hospitali atawauliza: Je, mlio huja na kwenda? Huzidi usiku, au baada ya kukimbia? Kuna ndugu mwenye pumu, au mwenye upele unaowasha, au anayepiga chafya kila siku? Mjibuni kwa ukweli, bila haya.

Kisha kuna vipimo. Mwaka 1959 mtaalamu Mwingereza B. M. Wright alieleza chombo cha kupima nguvu ya pumzi. Siku hizi kipo kidogo cha plastiki kinachoshikwa mkononi. Mgonjwa hupuliza kwa nguvu zake zote, hupewa dawa ya kufungua kifua, na baada ya robo saa hupuliza tena. Kipimo kikipanda kwa sehemu ya tano au zaidi, hiyo ni ishara kubwa ya pumu. Watoto wadogo hawawezi kipimo hicho. Kwao mganga hutegemea masimulizi ya wazazi na sikio lake.

Penye vifaa, aleji pia hupimwa katika ngozi. Tone la maji yenye kitu kinachoshukiwa hutiwa juu ya mkono, ngozi huchomwa kidogo tu, na katika muda wa dakika 15 au 20 huonekana kama kivimbe kinatokea. Kipimo hiki hakina maumivu makubwa, lakini lazima kifanywe na mtu aliyefundishwa.

DAWA MBILI, KAZI MBILI

Zamani mgonjwa wa pumu alitegemea sindano, vidonge na vyombo vya kioo vilivyovunjika upesi. Mwaka 1955 binti mwenye umri wa miaka 13, aliyekuwa na pumu, alimwuliza baba yake, mkuu wa kiwanda cha dawa cha Riker huko Marekani, kwa nini dawa yake haiwezi kutiwa katika kikopo cha kupuliza kama manukato. Baba hakulidharau swali la mtoto. Mwaka 1956 pampu ya kwanza ya namna hiyo ilianza kuuzwa.

Mwaka 1969 ikaja salbutamoli. Dawa hii hulegeza misuli iliyokaza, na katika dakika chache mgonjwa hupumua. Mara nyingi pampu yake ni ya rangi ya buluu. Mwaka 1972 ikaja beklometasoni ya kuvuta, dawa ya namna nyingine kabisa. Hii haifungui kifua papo hapo. Hupunguza uvimbe polepole, siku kwa siku. Budesonidi ni ndugu yake.

Hapa ndipo jamaa nyingi zinapopotea. Tuseme baba mmoja amenunua pampu mbili kwa ajili ya mtoto wake. Ya kwanza inamtuliza mtoto mbele ya macho yake. Ya pili haionyeshi kitu. Baada ya mwezi fedha ni chache, naye ananunua ile ya kwanza tu. Nani atamlaumu? Lakini anafanya kama mtu anayepangusa maji sakafuni kila mvua inaponyesha, bila kulitazama paa linalovuja. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Si nchi maskini tu zilizokosea hivyo. Mwaka 2014 waganga wa Uingereza walitoa ripoti juu ya watu 195 waliokufa kwa pumu. Kati ya 165 ambao hesabu ya dawa zao ilijulikana, 65 walikuwa wameandikiwa zaidi ya pampu 12 za kufungua kifua katika mwaka mmoja. Walikuwa na pampu nyingi, na bado walikufa. Tena katika wale 195, watu 87 walikufa bila kuomba msaada wa mganga, au kabla msaada haujafika. Walingoja mno.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2019 kamati ya kimataifa ya pumu iitwayo GINA ilibadili shauri lake la miaka mingi. Ilisema kwamba mtu wa miaka 12 na zaidi asitibiwe tena kwa dawa ya kufungua kifua peke yake; lazima apate pia dawa ya kupunguza uvimbe. Siku hizi iko pampu moja yenye dawa mbili pamoja, budesonidi na formoteroli, na kamati hiyo inaipendelea kwa watu wazima na vijana. Kwa watoto wadogo mganga ndiye atakayepanga. Wazazi, msisahau kumwuliza: «Dawa ya uvimbe iko wapi?»

HOFU ZA WATU

Wengine husema: «Pampu ni kwa wale wanaokaribia kufa.» Wengine: «Ukianza pampu, utakuwa mtumwa wake.» Si kweli. Anayeitumia kila siku hafungwi na pampu. Ni ugonjwa unaodumu, nayo dawa inaufuata. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja katika mapafu kwa kiasi kidogo sana, lakini vidonge na sindano za jamii hiyo huzunguka mwili mzima, na zikirudiwa mara kwa mara huleta madhara makubwa.

Hatutaki kuwaficha kitu. Dawa ya uvimbe yaweza kuleta utando mweupe mdomoni na kukausha sauti. Ndiyo sababu mtoto asukutue maji na kuyatema kila anapomaliza. Tena uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliovuta budesonidi kwa miaka kadhaa walipokuwa watu wazima walipungukiwa kimo kwa sentimeta 1.2 tu. Mzazi na apime mwenyewe: sentimeta moja, au pumzi ya mtoto?

CHUPA YA PLASTIKI

Mtoto akipuliza pampu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hubaki kooni. Hufaa kuwe na chombo katikati, ambamo dawa hungoja ivutwe taratibu. Chombo cha dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town, Afrika ya Kusini, walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto walioshikwa na pumu. Waliona kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyozibwa vizuri, ilisaidia sawasawa na chombo cha dukani. Kikombe cha plastiki chepesi hakikufaa vile.

Basi fanyeni hivi. Twaeni chupa safi ya mililita 500. Ioshwe kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe bila kufutwa. Toboeni kitako chake kwa waya uliopashwa moto, tundu liwe sawa kabisa na mdomo wa pampu. Ingizeni pampu, zibeni kando kwa gundi. Mtoto ashike shingo ya chupa kwa midomo iliyofungwa vizuri. Tikiseni pampu, pulizeni mara moja tu, naye avute na kutoa pumzi taratibu mara tano au sita. Kisha mpulizo mwingine, kwa hesabu aliyoipanga mganga. Mtoto mdogo asiyeweza kushika chupa kwa midomo huhitaji kifuniko cha uso, mwuguzi atawaonyesha.

NYUMBA YETU

Dawa peke yake haitoshi ikiwa mtoto anavuta moshi mchana kutwa. Jiko la kuni au la makaa liwekwe nje, au penye hewa, na mtoto asilale karibu nalo. Baba anayevuta sigara ajue kwamba mwanawe anaivuta pamoja naye. Magodoro na mito yaanikwe juani, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, mende waondolewe, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Lakini mambo haya ni msaada tu. Hayashiki nafasi ya dawa.

ISHARA ZA HATARI

Mpelekeni mtoto hospitali upesi, hata usiku, mkiona moja ya ishara hizi: hawezi kusema maneno machache bila kukatika pumzi, au mdogo hawezi kunyonya; nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani; midomo imekuwa ya buluu au kijivu; anasinzia na kulegea; pampu haimsaidii, au nafuu yake haidumu. Na ikiwa kifua kilicholia kinanyamaza ghafula huku mtoto anazidi kuchoka, msifurahi: hewa imekaribia kukosa njia. Njiani akae wima, wala asilazwe, nanyi mwendelee kumpulizia dawa.

Enyi wazazi, kesho mkiwa na nafasi, hesabuni: mwezi huu mtoto wetu ameamka usiku mara ngapi kwa kukosa pumzi? Amekosa shule siku ngapi? Andikeni katika daftari, mkalipeleke kituo cha afya siku mtoto akiwa mzima, bila kungoja usiku wa shida. Siku hiyo ya utulivu ndiyo siku ya kuuponya uvimbe.